Lita, Bido na Goti: Mwongozo kwa Anketeri wa Lac Vert

Hongera kwa kazi ya uanketeri, yaani ya kuhoji watu. Umepewa fulana yenye nembo, kofia ya jua, na tableti yenye maswali ambayo hata aliyeyatunga hawezi kuyasoma yote bila kupiga mwayo. Maswali hayo yalizaliwa kwa Kiingereza, yakapitia Kifaransa ofisini, kisha mtu aliye mbali sana na Ziwa Kivu akayavika Kiswahili cha kamusi. Kesho asubuhi gari litakuacha kando ya barabara ya Sake, na kuanzia hapo Kiswahili hicho ni mzigo wako. Kikikushinda usimlaumu mtu. Fomu ina sahihi za wakubwa.

Lac Vert ni kartie, yaani mtaa, iliyo magharibi mwa komini ya Goma, na jina lake ni la kiziwa kilichojaa ndani ya kreta ya zamani, karibu na ukingo wa Ziwa Kivu. Jina ni la Kifaransa, na maji ni ya kijani kweli. Lifurahie: huenda likawa neno pekee la siku nzima linalolingana sawasawa na kitu linachokitaja.

Mwongozo huu haukufundishi kupima. Watu wa Lac Vert walikuwa wakipima kabla hujapewa tableti, na wataendelea utakapoirudisha. Kazi yako ni ngumu zaidi, nayo ni kuchagua neno la kuulizia, ili namba utakayoandika iwe na undugu, hata wa mbali, na maisha ya aliyekupa.

Anza na maji

Fomu inasema: "Kaya yako hutumia lita ngapi za maji kwa siku?" Usilisome hivyo. Kwanza, "kaya". Ni neno la sensa ya Tanzania, neno la heshima zake, lakini ukilitamka Lac Vert mama atageuka kuangalia kama unamwita jirani mwenye jina hilo. Hapa utasikia menaji, au watakuambia tu "batu ba mu nyumba". Hata hapo jihadhari, maana nyumba moja inaweza kuwa na vyungu vitatu: cha mwenye parsele (uwanja), cha mpangaji, na cha shangazi aliyekuja kutoka Masisi na watoto wa marehemu dada yake. Wakubwa wako wanawataka wanaokula chungu kimoja. Basi ulizia chungu: "Mama, hiki chungu kinalisha batu ngapi?" Ukiuliza wanaolala ndani utapata hesabu nyingine. Ukiuliza walioandikwa kwenye orodha ya mgao utapata ya tatu, na hiyo ndiyo kubwa kuliko zote.

Pili, "lita". Lita inajulikana vizuri, kwa sababu petroli inauzwa kwa lita. Maji, hapana. Maji hupimwa kwa bido, lile dumu la njano lililoanza maisha likiwa na mafuta ya kupikia na ambalo leo ndilo kipimo cha maji cha Goma nzima, ingawa hakuna sheria iliyolitangaza. Bido kubwa ni ya lita 20. Iko ya kumi, na iko ya tano, ya mtoto. Uliza hivi: "Mama, jana mulichota bido ngapi?" Atajibu bila kusita: "Mbili na kale ka mutoto." Hizo ni lita 45. Wewe ndiye uliyeajiriwa kwa hesabu, gawanya kwa watu tisa wa chungu, upate tano kwa kila mtu. Ziandike. Tableti itakutolea onyo jekundu na kukuuliza kama umekosea. Hujakosea, songa mbele.

Onyo hilo linatokana na viwango vya Sphere vya misaada ya dharura, ambavyo utavisikia mafunzoni mpaka uviote: lita 15 kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu 250, maji yasiwe mbali zaidi ya mita 500, foleni isizidi dakika 30. Toleo la sasa la kitabu chao ni la 2018, na mkubwa wako atakinukuu kana kwamba kilishuka pamoja na Torati. Unaweza kumkumbusha, kwa upole, asili yake. Julai 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka na kuingia Goma kwa siku chache tu. Kambi zikafumuka Kibumba, Katale, na Mugunga, ambayo ni jirani kabisa wa Lac Vert. Kipindupindu kikaingia, kuhara damu kukafuata, na katika mwezi wa kwanza wakafa watu wapatao 50,000. Mashirika yalikuwa mengi, kila moja na bendera yake na kipimo chake. Tathmini kubwa iliyotoka 1996 iliyakosoa bila kuyapaka mafuta, na mwaka uliofuata yakaanza kuandika viwango vya pamoja. Kwa hiyo unapoipima Lac Vert kwa lita 15 hujaleta kipimo kigeni. Umemrudisha nyumbani mtoto wa hapa aliyekulia Geneva, na ambaye sasa anahitaji mkalimani ili azungumze na bibi yake.

Mkalimani ni wewe.

"Hapa tu" ni kilomita ngapi

Swali la umbali limewaangusha wengi. Utauliza kutoka nyumbani mpaka majini ni umbali gani, na utajibiwa: "Hapa tu." Usidharau jibu hilo. "Hapa tu" ni kipimo halali, ila kinaanzia mlangoni na kinaweza kuishia karibu na Sake, kutegemea hali ya anayekijibu na kama anahisi unataka asindikizane nawe.

Usimlazimishe kutaja mita. Si kwamba hazijui. Mita za Lac Vert ni za parsele: kila mwenye uwanja anajua uwanja wake ni mita ngapi kwa ngapi, na atakutajia hadi sentimita ambazo jirani amezimega kwenye uzio. Lakini njia ya maji haina mita, ina mzigo. Njia ile ile ni njia mbili: ya kushuka ziwani na bido tupu, na ya kupanda na bido imejaa, kamba kwenye paji la uso, juu ya changarawe za lava zinazokula kandambili. Fomu ina kisanduku kimoja. Uliza zote mbili, na ikibidi kuchagua, andika ya kurudi, maana hakuna mtu Lac Vert anayeteka maji kwa ajili ya kushuka.

Foleni iulizie peke yake. Mama akikuambia "tunaendaka asubui, tunarudiaka midi", usikimbilie kugeuza dakika. Kwanza ujue hiyo ni bido ya ngapi, alikwenda na nani, na kama aliyekwenda ni yeye au ni yule binti anayejifanya hasikilizi huku akisonga bukari. Mara nyingi anayejibu si anayechota. (Na saa yenyewe ihakikishe. Goma iko saa moja mbele ya Kinshasa, nchi ile ile, na tableti iliyowekewa saa za mji mkuu itaandika kwamba ulianza mahojiano kabla hujaamka.)

Mizani, ngazi, au pointi

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe lililonifanya niandike mwongozo huu. Liko kuelekea mwisho wa fomu, mahali ambapo wewe umechoka na mwenyeji wako anaangalia jua: umeridhika kiasi gani na huduma, kwenye skeli ya 0 hadi 10?

Kiingereza kina neno moja, scale, kwa mashine ya kupimia uzito, kwa uwiano wa ramani, kwa safu ya viwango, na kwa magamba ya samaki. Wenye lugha hiyo hawaoni taabu yoyote. Kifaransa kimewagawia watumishi kazi: balance hapa, bascule pale, échelle kule. Kihispania vilevile: balanza, báscula, escala. Usidhani Kihispania hakituhusu. Askari wa Uruguay wa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliishi Goma miaka mingi, na yeyote aliyewatafsiria ilibidi aamue kabla ya kufungua mdomo kama kinachotajwa kina sahani, kina jukwaa la kuwekea magunia, au kimechorwa kwenye karatasi. Kiswahili nacho kina chaguo lake, tatizo ni kwamba fomu yako imechagua vibaya.

Imeandika "mizani". "Kwenye mizani ya 0 mpaka 10, umeridhika kiasi gani?" Mzee wa heshima atakutazama kwa huruma. Atauliza kinachopimwa ni nini, kiko wapi, na gunia litarudishwa kwa nani. Ana haki. Mizani, au balansi kama inavyoitwa sokoni, ni kitu cha kushikika, na daima kina mtu nyuma yake wa kumtilia shaka.

Ukibadilisha na "kiwango", utaeleweka, lakini utaeleweka kwa adabu tu. Ni neno la taarifa ya habari. Watu wanalisikia, wanatikisa kichwa, wanakupa jibu la kumfurahisha mgeni: "Ya katikati."

Kwa aliyepita shule, tumia "pointi". Shule ya Kongo humpima mtoto kwa pointi na asilimia tangu darasa la kwanza mpaka mtihani wa taifa. Kila mmoja anajua kwamba 50 ni kupona na 49 ni kikao cha ukoo. Sema: "Papa, hawa ba mgao ungebapatia pointi ngapi kwa kumi?" Tazama atakavyobadilika. Atakaa vizuri kwenye kiti, atageuka mwalimu, atakumbuka walimu wake wabaya, na atakupa namba yenye sababu. Baadhi yao watataka kutoa nusu pointi. Fomu haipokei nusu, na huo utakuwa ugomvi wenu wa kwanza.

Kwa asiyepita shule kuna "ngazi". Mfasiri aliyetoka kwenye Kifaransa huliandika kwa bahati mbaya, kwa sababu kwa Wafaransa neno la viwango na neno la kitu cha kupandia darini ni lile lile. Utacheka utakapoliona. Usicheke sana. Mwaka 1965 mtafiti wa Marekani, Hadley Cantril, alichapisha kitabu kuhusu matumaini ya watu wa mataifa mbalimbali, na chombo chake kilikuwa picha ya ngazi: juu kabisa maisha mazuri kuliko yote unayoweza kuwazia, chini kabisa mabaya kuliko yote, wewe umesimama daraja la ngapi? Kampuni ya Gallup inaitumia ngazi hiyo mpaka leo, na ndiyo inayopanga nchi kwenye ile ripoti ya furaha ya dunia. Kwa hiyo mfasiri wetu alijikwaa akaangukia kwenye chanzo. Chukua kijiti, chora ngazi chini. Udongo mweusi wa volkano huonyesha mstari vizuri.

Neno lolote utakalochagua, jiandae kwa swali litakalorudi kwako: "Na nikisema ngapi, nitaandikwa?" Hapo ndipo utakapojua nani anapimwa. Anayeamini kwamba wanaoridhika ndio hurudiwa na mashirika atakupa kumi. Anayeamini kwamba wanaolalamika ndio hurudiwa atakupa sifuri. Wastani wao ni tano, na ripoti itatoka na grafu ya rangi ikisema kwamba wakazi wa Lac Vert wameridhika kiasi.

Kopo

Chakula nitakipitia haraka, maana wauzaji wataona unachunguza sana. Unga, maharagwe na mchele hupimwa kwa guigoz, yaani kopo la maziwa ya watoto la chapa hiyo. Maziwa yaliisha zamani, kopo likabaki sokoni na cheo. Kivu Kusini watakutajia murongo. Mfasiri wa pwani, kwa nia njema kabisa, anaweza kukuandikia kibaba na pishi. Vipimo hivyo viliwahi kusafiri na misafara ya pembe za ndovu, pamoja na frasila, lakini Wabelgiji walileta kilo na mita, na leo kibaba kimebaki kwenye methali, kikijazwa haba na haba bila kuonja unga.

Ukishapata "guigoz mbili", uliza kama ni za kichwa au za kufutwa. Muuzaji mmoja humimina mpaka kilima kisimame juu ya kopo, mwenzake hupitisha kiganja akasawazisha, kile ambacho pwani huitwa mfuto. Kisha geuza kopo uangalie kitako, kwa kuwa nyundo hupita huko. Sambaza, wale samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wao huuzwa kwa fungu, na fungu hukua kadiri jua linavyopanda. Gramu utazikadiria mwenyewe jioni, kama wenzako wote.

Mkono na umri

Kuna kipimo kimoja kisichohitaji neno. Ni ule utepe wa kuzungushia mkono wa mtoto kuangalia utapiamlo. Fomu inauita "mzingo wa kati wa sehemu ya juu ya mkono", jina refu kuliko mkono unaopimwa. Utepe wenyewe umeshatafsiriwa kwa rangi: nyekundu chini ya milimita 115, njano kuanzia 115 hadi kabla ya 125, kijani kuanzia 125. Mama haulizi milimita. Anatazama rangi kabla yako, na ukianza kueleza namba atakuwa ameshasimama kuuliza kituo cha afya kiko wapi. Hapo kejeli yangu inakaa pembeni.

Ila utepe huo ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59, na fomu inataka umri kwa miezi. Kadi ya kuzaliwa, kama iliwahi kuwepo, ilibaki mlimani Masisi. Utafanyaje? Utaacha kuulizia mwezi, utaulizia tukio. Goma ina kalenda ambayo hakuna karani aliyeichapa. "Alizaliwa mbele ya volkano ao nyuma?" Nawe ujue volkano ipi: Nyiragongo ililipuka Januari 1977, Januari 2002, na Mei 22, 2021. Mwenye mtoto mchanga anakusudia ya mwisho, bibi yake anaweza kuwa anakusudia yoyote. "Wakati M23 waliingia", yaani waasi walipouteka mji, nako kuna Novemba 2012 na kuna Januari 2025. Na mama akisema mtoto alikuwa ananyonya siku ya mabomu ya kambini, anazungumzia Mei 3, 2024, siku makombora yalipowaangukia waliokimbilia Lac Vert na Mugunga. Amekupa tarehe kamili kuliko karani yeyote. Usimwombe akuhakikishie kwa swali la pili. Hesabu miezi ukishatoka uani.

Urefu wa kwenda chini

Fomu itataka kujua "kina cha shimo la choo kwa mita". Ardhi ya Lac Vert ni lava iliyoganda. Sululu inashuka, sululu inarudi, mikono inapata malengelenge. Kwa sababu hiyo vyoo vingi vya dharura kwenye mwamba huo hujengwa kwenda juu: jukwaa, vipandio, na tundu lililo juu ya kichwa cha mpitanjia. Fomu haikubali namba hasi. Kiswahili kitakuokoa, maana urefu ni wa kwenda mbele na wa kwenda juu, na wengi huutumia hata kwa kwenda chini. Ulizia urefu wa choo, andika jibu kwenye kina, na umwachie mhandisi raha ya ugunduzi.

Nafasi ya kulala nayo ina kiwango, mita za mraba 3.5 kwa mtu. Kwa chungu chetu cha watu tisa hizo ni 31 na nusu. Shitingi (turubai) moja ya mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20 ukiitandaza chini bila kujenga chochote, kabla hujaigawa kuwa paa na kuta. Usiulize swali hili ukiwa umesimama mlangoni. Hutapata pa kukaa, lakini wao watajaribu kukupatia.

Sasa kuna kipimo ambacho fomu nyingi hazina, nacho ndicho ningeanza nacho kama ningeitunga mimi. Kando ya Ziwa Kivu, kuanzia Goma kuelekea Sake, kuna mabonde madogo na mashimo ya lava yanayotoa mazuku, gesi ya kaboni dioksidi kutoka ardhini. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini na kujaa bondeni kama maji. Usiku usio na upepo hurundikana, na alfajiri ndiyo saa yake mbaya. Watu wa hapa walilitaja jina hilo kwanza, wanasayansi wakalichukua vilevile kwenda nalo kwenye majarida yao bila kulitafsiri, na walifanya vyema.

Fomu, kama ina chochote, ina hili: "Je, kuna hatari za kimazingira? Ndiyo / Hapana." Ukiuliza hivyo utajibiwa kuhusu takataka. Mtaalamu wa kituo cha volkano, Observatoire Volcanologique de Goma, atakuzungumzia asilimia, na ana sababu: hewa ya kawaida ina kaboni dioksidi asilimia 0.04 hivi, na ikizidi 10 mtu huanguka na kufa upesi. Lakini asilimia haionekani. Mwenyeji wako anapima kwa mwili. Uliza: "Asubui mazuku inafika wapi ku mwili?" Atainama akuonyeshe kwa mkono. Kwenye kifundo cha mguu, atakuambia kuku wasiende. Kwenye goti, atakuambia mbuzi wasiende. Kwenye kiuno, atataja watoto, na hatakuwa anatania. Mtu mzima anaweza kupita bonde hilo hilo akiwa wima na asihisi lolote, mpaka ainame kuokota kandambili iliyomtoka.

Asilimia inakuambia hewa ikoje. Goti linakuambia ni nani atakayekufa. Kama ofisi itakulazimisha kuchagua sentimita, pima goti la mama huyo kutoka chini, uandike namba hiyo, na kwenye maelezo uandike "goti". Na usipange mahojiano ya bondeni saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu gari linapatikana saa hizo.

Miezi

Swali la mwisho kabisa linauliza: "Unakusudia kukaa hapa kwa muda gani? (miezi)". Linaonekana jepesi. Kabla hujaliuliza, kumbuka kwamba mpaka mwanzoni mwa 2025 kartie hii na jirani zake zilikuwa na kambi kubwa za wakimbizi wa ndani, Bulengo ikiwamo. Baada ya M23 kuuteka mji, Februari mwaka huo watu wa Bulengo waliambiwa wana saa 72 za kuondoka. Kipimo hicho hakikuhitaji anketeri wala mfasiri. Kila mtu alikielewa mara moja, na wengi walibomoa vibanda vyao wenyewe, wakafunga vyungu, wakaondoka. Wengine walijibanza kwa ndugu kwenye parsele zilizojaa, na baadhi yao ndio wanaokujibu.

Kwa hiyo utakapouliza miezi, mama hatakupa miezi. Atakuambia: "Mpaka amani irudi." Au atakuambia mpaka shamba la Masisi lipate mtu wa kulilinda, mpaka mtoto amalize mwaka wa shule, mpaka mwenye parsele achoke. Kisanduku kinataka tarakimu tu. Anketeri wengi hapo huandika 99, msimbo wa "hajui", kisha huenda kunywa chai. Usiandike 99. Mama huyu anajua vizuri sana kuliko ofisi nzima. Amekupa sharti, na fomu haina mahali pa sharti. Shuka mpaka chini, bonyeza "Nyingine, fafanua", na uandike alivyosema, kwa Kiswahili chake, bila kukinyoosha. Ofisini watakuuliza kwa nini kisanduku hicho kimejaa. Waambie waliohojiwa walikuwa na mengi ya kusema, kisha uende nyumba ya pili kabla betri ya tableti haijazimika.